Nafasi Iliyoachwa kwa Zefania

Neema na Rashidi, mliobaki kwenye viti vyetu vya studio, mmeniomba niwaandikie namna ya kupunguza picha kabla ya kuituma mtandaoni, kwa sababu wateja wanasema zenu zinafika zimechujuka na zangu hazikuwa hivyo. Nitawaandikia. Lakini mimi nimeishia darasa la saba, na sijui kuieleza kazi bila kuwaeleza watu niliowafanyia. Tena lipo jambo moja ambalo sikuwafundisha nilipokuwa nanyi. Si la kompyuta. Nitalifikia.

Nilianza kazi ya picha kwa Mzee Hoza hapa hapa Lushoto mjini, miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa vitu ghafla na kila mwenye chumba kinachotazama barabara akakigeuza duka. Mzee Hoza alikuwa na chumba kinachotazama barabara na kingine kisichotazama kitu. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa chumba cha giza, cha kusafishia picha, pale mnapoweka sasa mifagio na maboksi ya karatasi.

Siku ya kwanza alinipa ndoo na tambara. Siku ya pili akaniingiza gizani. Kulikuwa na taa nyekundu, sinia za dawa na harufu kama ya siki iliyozeeka. Akatumbukiza karatasi nyeupe kwenye dawa, akaniambia niitikise sinia taratibu, kama ninayembembeleza mtoto wa mwenzangu. Nikatikisa. Karatasi ikaanza kuingia kijivu, kijivu kikawa kitambaa cha kichwa, chini ya kitambaa yakatokea macho. Nilimfahamu. Alikuwa mama mmoja aliyekuwa akiuza karoti sokoni, na tulikuwa tumemzika juzi yake.

“Mama Upendo,” nikasema.

Mzee Hoza akanishika mkono, sinia ikatulia. “Binti, humu ndani hatuwaiti kwa majina.”

“Kwa nini, mzee?”

“Ukimwita akaitika, utamwambia nini?”

Nilingoja acheke. Hakucheka. Nimefanya kazi naye mpaka alipokufa, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa utani.

Kazi yetu kubwa wakati huo ilikuwa kukuza. Mtu akifariki, ndugu walikuja na picha yake pekee, mara nyingi ile ndogo ya kitambulisho yenye alama ya muhuri shavuni, wakataka itoke kubwa ya kuwekwa juu ya jeneza. Mzee Hoza alikuza kwa kipimo. Aliniambia kwamba sura ya mtu kwenye filamu imetengenezwa kwa chembe, na ukiikuza kupita kiasi chembe zinaachana, mtu anatawanyika. Mara moja alinionyesha. Alimkuza mzee mmoja hadi uso ukajaa karatasi kubwa, na nilipoutazama kwa karibu niliona madoa tu, kama changarawe. Akaniambia nirudi nyuma hadi mlangoni. Nilipofika mlangoni yule mzee alikuwepo, ananitazama. Nikasogea, akatoweka. Nikarudi, akarudi.

“Umeona,” Mzee Hoza akasema. “Wengine huonekana kwa mbali tu.”

Filamu za rangi tulizipeleka Tanga kusafishwa. Aliyezipeleka alikuwa dereva wa lori la kabichi, kijana mpole aliyekuwa akiweka bahasha yetu chini ya kiti chake ili isipigwe na jua. Aliniuliza kama kuna picha yangu humo ndani. Nikamwambia hapana. Akasema basi siku nyingine iwepo, maana bahasha isiyo na picha yangu ni nzito kuliko yenye nayo. Nikaolewa naye. Ndiye Baba Eliza. Kila mtu pale stendi alijua kwamba lori lile likichelewa, nami nachelewa kufunga duka.

Kisha zikaja kamera za dijitali na kompyuta, na waya wa simu uliotuletea mtandao. Waya ule ulikuwa mwembamba kuliko subira ya wateja. Picha moja kutoka kwenye kamera ilikuwa nzito kiasi kwamba ungeweza kuiambatisha kwenye barua pepe, ukaenda Soni, mji wa jirani, ukarudi, ukaikuta bado inapanda, halafu laini ikakatika. Ndipo tulipoanza kupunguza. Maisha yangu ya kwanza nilikuza wafu, ya pili nikawapunguza.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mnapokosea. Kwanza tengeneza nakala, uipe jina lingine, na uipunguze hiyo nakala. Picha iliyotoka kwenye kamera usiiguse. Ukiipunguza na kuihifadhi juu ya ile ya awali, umeipoteza, na hakuna fundi atakayekurudishia. Pili, ikiwa ndogo imekuwa ndogo mno, usiivute iwe kubwa. Irudie ile ya awali uanze upya. Zenu zinachujuka kwa sababu mnapunguza iliyokwisha kupunguzwa. Tatu, upana na urefu vishuke pamoja. Mimi mara moja nilisahau, nikamtuma mchungaji wetu kwa wafadhili wake akiwa mnene kama pipa. Walijibu kwamba wamefurahi kuona kanisa linastawi.

Na mjue kompyuta inafanya nini inapopunguza. Picha ni nukta nyingi. Ili iwe ndogo, inachukua nukta zilizo jirani, inachanganya rangi zao, inatengeneza nukta moja. Jani moja linapotea, kifungo cha shati kinapotea, lakini umbo kubwa lililokuwa limefichwa na vitu vidogo linabaki. Nilikuwa nimekwisha kuliona jambo hili mlangoni pa chumba cha giza, sema sikulikumbuka mpaka msiba wa Mzee Elia.

Mzee Elia alikuwa mkulima wa kijiji kilicho juu ya Soni, mahali ambapo ukungu wa masika hukaa mpaka saa za chakula cha mchana. Alizikwa shambani kwake, karibu na migomba. Mwanawe wa kwanza, Zefania, alikuwa Afrika Kusini, akifanya kazi ya ujenzi. Aliambiwa kwa simu kwamba baba yake amefariki. Hakuamini. Alikuwa na sababu. Mwaka mmoja nyuma baba yake mdogo, Mzee Stefano, alimpigia akamwambia mama yake yuko mahututi, ili tu arudi aoe. Kijana aliacha kazi, akasafiri siku nyingi kwa basi, akamkuta mama yake anapalilia maharage. Aliondoka bila kuaga.

Kwa hiyo mjane wake Mzee Elia, Mama Zefania, aliniita nikapige picha ya mazishi itumwe kwa mtandao, mwanawe aone kwa macho yake. Yeye mwenyewe macho yake yalikuwa yanaondoka. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na alikuwa ameniambia wazi: “Mama Eliza, nataka nimwone huyu mtoto kabla sijafungwa macho. Sauti yake ninayo. Nataka uso.” Tena kulikuwa na msalaba. Marehemu alikuwa amesema msalaba wake wa saruji usisimikwe na mtu mwingine ila mwanawe wa kwanza. Ulikuwa umeegemezwa nyuma ya jiko, na kila akienda kuchukua kuni mama yule alikuwa anaupapasa kwa mkono, kama anavyopapasa mtu mlango wa nyumba yake.

Baada ya mashada, mzee wa kanisa aliita familia wajipange nyuma ya kaburi. Wakajipanga. Huku kwetu mtoto aliye mbali huachiwa nafasi. Hakuna anayelitangaza, ndugu wawili hawakaribiani tu, na kati yao panabaki upana wa mtu mmoja. Kijana mmoja wa ukoo aliyekulia mjini akataka kuingia pale katikati. Mama Zefania, asiyeona vizuri, akajua.

“Nani huyo?”

“Ni mimi, bibi.”

“Toka hapo. Ni pa Zefania.”

Mzee Hoza alikuwa amenifunza zamani: harusini waambie wasogeane, kaburini nyamaza. Nikanyamaza, nikapiga picha. Ukungu ulikuwa unapita nyuma yao taratibu, na katika ile nafasi hakukuwa na kitu isipokuwa mgomba wenye majani makavu na nguzo ya uzio. Nasema hivi kwa sababu nilitazama. Mpiga picha hutazama mahali patupu kuliko pengine popote.

Kesho yake nikakaa kwenye kompyuta. Nikatengeneza nakala, nikaipunguza mpaka ikawa na ukubwa wa kadi ya posta. Nikaona familia imetimia, hakuna nafasi. Kati ya binti wa marehemu na Mzee Stefano alikuwa amesimama mwanamume, amevaa kofia, ameinamisha kichwa kidogo, bega moja chini kuliko lingine. Mzee Elia alikuwa na bega namna hiyo. Alilivunja ujanani kwa kuanguka na gogo.

Nikafungua ile kubwa. Mgomba, nguzo, ukungu. Nikarudi kwenye ndogo. Amesimama. Nikaipunguza upya kutoka ile ya awali, nikidhani nimekosea. Amesimama.

Nikamwita Mzee Hoza. Alikuja na kikombe chake cha chai, akainama kwenye kioo mpaka chai ikaacha kutoa mvuke.

“Unaona nini?” akauliza.

“Naona mtu.”

“Na mimi. Ile kubwa ina nini?”

“Majani na ukungu.”

“Basi kamera haijasema uongo. Tuma.” Kisha akiwa mlangoni, bila kugeuka: “Na usimtaje.”

Nikatuma. Nilidhani ni sisi wawili tu tulioona, kwa kuwa tulizoea kutazama.

Jibu lilikuja kwenye anwani ya studio wiki iliyofuata. Nilimwita Mama Zefania, akaja na Mzee Stefano, nikawasomea kama lilivyoandikwa. “Mama, shikamoo. Nimepata picha. Mmesimama mnalia na baba amesimama katikati yenu. Kama mnataka nirudi, semeni nirudi. Msimzike mtu aliye hai. Sitakuja tena kwa uongo.”

Mzee Stefano akacheka kidogo, lakini si kicheko cha furaha. “Baba yupi? Hebu tuone.” Nikamwonyesha ndogo. Akarudi nyuma na kiti chake. “Mtumeee,” akasema. Kisha akasema, “Huyo alikuwa kulia kwangu?”

“Kulia kwako, mzee.”

Akajipangusa bega la kulia kwa kiganja. Sidhani alijua kwamba anafanya hivyo.

Nikamfungulia na ile kubwa, nikamwonyesha kwamba hakuna mtu. Mama Zefania naye akasogea, akaweka uso karibu na kioo hadi pumzi yake ikaacha alama.

“Kubwa ndiyo hii?”

“Ndiyo, mama. Hapa pana mgomba na nguzo tu.”

“Yupo.”

“Mama, hii ndiyo kubwa. Hapa haonekani.”

“Wewe una macho mazuri,” akasema, “ndiyo maana humwoni.” Akakivuta kitambaa chake mabegani. “Ameazima nafasi ya mwanawe. Alikuwa hapendi kusimama pembeni.”

Hakulia wala hakushtuka. Mimi ndiye niliyegeuka kuutazama mlango, nao ulikuwa umefungwa.

Mzee Stefano akasema, “Si umfute? Kompyuta inafuta.”

“Nimfute wapi, mzee? Kwenye kubwa hayupo. Nikifuta, nafuta ukungu.”

“Basi kata hapo katikati, utuunganishe.”

“Nikikata hapo nimeikata nafasi ya Zefania.”

“Haikatwi,” Mama Zefania akasema. “Mtoto akifungua picha akakuta hatukumwachia mahali, atarudi kufanya nini?”

Mzee Stefano akasema polepole, “Mimi ndiye niliyemdanganya mara ya kwanza. Sasa hata ukweli ukitoka kwetu una harufu yangu.”

“Harufu yako tumeizoea, shemeji,” mama akamjibu. “Mama Eliza, kubwa haiwezi kwenda?”

Haikuweza. Waya haukuibeba. Nililifikiria jambo lile nikienda nyumbani, na Baba Eliza ndiye aliyenipa jibu bila kujua. Alikuwa anakula, akaniambia kwamba daraja la njiani limeharibika, kwa hiyo kabichi wamezishusha, wakazivusha kwa mikono magunia machache machache, wakazipakia ng'ambo. Asubuhi nikaikata picha ile kubwa vipande, kama shuka linavyokatwa vitambaa, bila kupunguza hata nukta moja. Kila kipande kilikuwa chepesi. Nikavituma kimoja kimoja, kila barua na kipande chake, nikimweleza Zefania kipi kikae juu, kipi kulia. Laini ikikatika nilianza tena. Kipande cha katikati, chenye nafasi yake, nilikituma mwisho. Niliandika chini yake: “Hii ndiyo nafasi waliyokuachia. Itazame kwa karibu.”

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Mama Zefania alishuka kutoka kijijini kila siku ya gulio, akaja kukaa kwenye benchi letu bila kuuliza. Nikimwona anaingia nilikuwa nafungua barua pepe mbele yake, asikie kwamba ninafungua. Nikisema hakuna kitu alisema hongea, ndiyo asante yetu, akaenda zake. Siku moja aliniuliza kama nimevaa nguo nyekundu. Nilikuwa nimevaa ya bluu.

Kisha jibu likaja. Lilikuwa fupi. “Shikamoo mama. Nimevichapa vipande nikaviunganisha sakafuni. Nimepatazama mahali pangu kwa karibu sana. Kuna majani na ukungu, hakuna mtu. Sasa nimejua baba amekufa. Ninakuja.”

Nilipomaliza kusoma Mama Zefania alilia kwa mara ya kwanza mbele yangu. Mzee Hoza akatoka nje akasimama barabarani, akatazama magari.

Zefania alikuja. Nilikuwepo aliposhika uso wa mama yake kwa mikono miwili, na mama akaushika wake, akausogeza karibu mno, kama alivyokuwa akifanya kwenye kioo cha kompyuta. “Umekonda,” akamwambia. “Macho yangu hayajanidanganya, umekonda.” Msalaba ulibebwa kutoka nyuma ya jiko, Zefania akausimika mwenyewe, Mzee Stefano akimshikilia koleo. Kisha wakajipanga tena, na safari hii Zefania akasimama mahali pake.

Picha hiyo niliipunguza nikiwa na hofu. Alikuwemo Zefania, basi. Nyuma yake mgomba. Mama Zefania alipoitazama ile kubwa, alikaa nayo muda mrefu.

“Yupo?” nikamwuliza.

“Amempisha,” akasema.

Mzee Hoza alifariki baadaye, kisha studio ikawa ya wanawe, mkaja ninyi, na mengine mnayajua. Mnajua pia kwamba nilistaafu mwezi mmoja baada ya kumzika Baba Eliza. Wengi walidhani ni uzee.

Rashidi, wewe ndiye uliyepiga picha pale kaburini kwetu. Uliipiga vizuri, mwanga ulikuwa mzuri, na ukungu ulikuwepo. Watoto wetu wote walikuja. Eliza kutoka Mwanza, wadogo zake kutoka Dar es Salaam na Tanga, hakuna aliyekosekana, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Tulipojipanga ulituambia, “Sogeaneni kidogo, mama, watu wa pembeni wanakatika.” Tukasogeana, bega kwa bega. Hukukosea, mwanangu. Ndivyo nilivyokufundisha harusini, na la kaburini sikuwa nimekufundisha. Sasa nimekufundisha.

Uliniletea picha hiyo kwenye diski. Nilikwenda studio siku moja mchana, nyie mkiwa mmetoka kula, nikakaa kwenye kiti changu cha zamani. Nikatengeneza nakala. Nikaipunguza kama kadi ya posta, kisha kama kitambulisho, kisha kama stempu, kila mara nikianza na ile ya awali, kwa utaratibu wote niliowaandikia hapa. Nilirudi nyuma hadi mlangoni nikatazama kutoka kule. Nilimwita hata kwa jina, jambo nililokatazwa.

Tulikuwa sisi tu. Tumebanana vizuri, hakuna aliyekatika, na hakuna mahali ambapo mtu mwingine angeweza kusimama.

Pasaka wajukuu walikuja, nawe, Neema, ukapanda kwangu na kamera. Uliniambia, “Mama, sogea ndani, kuna nafasi hapo kulia kwako.” Ukaniambia tena. Ukadhani sijasikia.

Nilisikia.